Kiswahili Hakimo Kitabuni

Nilikosa. Naliandika hilo mwanzoni kabisa, asije mtu akasema najipendelea. Kwenye gofu, mchezaji aliye mashindanoni haruhusiwi kumuuliza mwenzake amepiga kwa fimbo gani, na mimi niliuliza. Adhabu yake ni mikwaju miwili inayoongezwa kwenye hesabu yako, nami niliipokea. Ninachotaka kusimulia ni nani aliyenifundisha kuuliza.

Gofu nilijifunza mchangani. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye kambi ya mafuta huko jangwani, na wafanyakazi walikuwa wamejitengenezea uwanja wa mashimo tisa usio na jani hata moja. Kuzunguka kila shimo walimwaga mafuta machafu ili mchanga ushikane, na kila mchezaji alitembea na kipande cha zulia la plastiki. Ukifika kwenye mpira wako, unauinua, unautandikia zulia, unaupiga, unaokota zulia lako unakwenda. Baba alipohamishiwa Maskati alirudi na fimbo zake na kizulia chake, na nyumbani kwetu, mtaa wa Hail, ni mimi peke yangu niliyekubali kumfuata kiwanjani. Kaka zangu walisema hayo ni matembezi ya wazee wenye matumbo. Mama alisema jua litanimaliza. Baba alinikatia kizulia changu mwenyewe, ukubwa wa trei ya chai, nikacheza juu yake mpaka nikamaliza sekondari.

Kwa hiyo nilipoingia chuo na kuchaguliwa kwenye timu ya wasichana, nikapelekwa uwanja wa majani wa kweli ulio pembeni mwa bahari, niliaibika. Mpira ulikuwa umezama kwenye majani na mimi nimezoea mpira uliokaa juu kama mfalme. Nikichimba chini, kipande cha udongo kinaruka mbali kuliko mpira. Wenzangu waligeuza nyuso zao kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Mara ya tatu nilipokosa nilisema, kwa sauti, "Kefule!"

Nyuma yangu mtu alicheka. Alikuwa nahodha wetu, mwanafunzi wa mwaka wa nne, mrefu, mtandio wake umebanwa vizuri chini ya kofia.

"Kefule? Hilo neno nnalisikia kwa bibi yangu tu. Nyinyi wa wapi?"

"Hail."

"Sikuulizi Hail, nnakuuliza kwenu."

"Unguja," nikasema, kama wanavyosema wote wa nyumba zetu, hata sisi tuliozaliwa hapa na tusioijua Unguja ila kwa picha na ugomvi wa wajomba.

"Basi njoo, mdogo wangu. Usiupige mpira. Yapige majani yaliyo mbele yake, mpira utajijua wenyewe."

Alinishika mabega akanigeuza. Jioni hiyo niliupiga mpira wa kwanza wa maisha yangu uliotoka kwenye majani bila kuugua. Tangu hapo nilikuwa mtu wake. Nilibeba begi langu nyuma ya begi lake. Ijumaa baada ya sala nilikwenda kula kwao, mtaa wa Azaiba, na bibi yake, mama wa baba yake, alinikalisha ubavuni kwake akinichagulia mapande ya samaki yasiyo na miiba. Mama yangu na mama yake walipopigiana simu waligundua kwamba bibi zao walikaa mtaa mmoja, na kwa watu wetu hilo linatosha kuwa undugu. Mwezi wa pili mama alikuwa akisema "mwanangu wa Azaiba", na mimi nikiona wivu kidogo na furaha nyingi.

Kocha wetu alikuwa Mwingereza wa makamo, mwanamke mkavu, mwenye haki, ambaye kitabu cha sheria za gofu alikijua kama maalimu anavyojua juzuu yake. Kila Jumapili alitusomea sheria moja. Aliyoipenda kuliko zote ni ile ya kutoulizana ushauri, na aliitaka ishikwe hata mazoezini, ili, alisema, mdomo uzoee kufungwa. Mchezaji aamue mwenyewe upepo ukoje na ashike fimbo gani, namba sita au saba au nane, na asichungulie akili ya mwenziwe.

Wiki hiyo hiyo tulisimama mimi na nahodha mbele ya shimo fupi lililokatizwa na bwawa. Alipiga yeye kwanza, mpira ukakaa karibu na bendera. Mimi nilisimama nimeduwaa na begi langu, sijui nichomoe ipi. Akaniangalia, akarekebisha glavu yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia chakula cha mchana, "Namba nane, lakini usiibane."

Niligeuka kumtazama kocha. Alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, anaandika.

"Usikhofu," akasema. "Kiswahili hakimo kwenye kitabu chao."

Tulicheka mpaka kocha akainua macho. Mpira wangu ulitua kwenye majani mafupi, na ikawa ndiyo desturi yetu. Mazoezini tuliulizana. Kwenye mechi za kirafiki na vyuo vingine tuliulizana. Wallahi aliniuliza yeye mara nyingi kuliko nilivyomuuliza mimi, maana fimbo ndefu nilikuja kumzidi. "Dada, namba ngapi?" "Tano." "Mdogo wangu, umeshika nini?" "Sita, upepo unarudi." Mwenzetu mmoja wa kutoka Nizwa, ambaye hajui hata neno moja la Kiswahili, alidhani tunawasengenya.

Nimefikiri sana kwa nini sikuona vibaya, maana nyumbani sikulelewa kuiba. Nadhani ni hivi. Sisi wa nyumba hizi tuna Kiarabu cha serikalini, Kiingereza cha darasani, na Kiswahili cha jikoni, cha kitandani na cha kugombana. Kinachosemwa kwa Kiswahili ni cha nyumbani, na cha nyumbani hakiandikwi na mtu popote. Huo ni ujinga, tena ujinga wetu sisi, maana katika mji huu Kiswahili anakijua mkurugenzi wa wizara, anakijua mwenye duka, na anakijua msichana wa Kiganda anayesukuma kigari cha mtoto wa watu barazani. Lakini hakuna aliyetusema, na tulizidi kuulizana.

Mwezi wa pili wa mwaka ukafika uchaguzi. Tulikuwa sita, na waliotakiwa kwenda Bahrain kwenye mashindano ya vyuo ni wanne. Unahodha haukumpa mtu nafasi. Kocha alisema kadi za hesabu ndizo zitakazosema. Mashimo kumi na manane siku ya kwanza, kumi na manane siku ya pili, mikwaju ijumlishwe, wanne wenye michache wasafiri.

Nyumbani baba alikuwa hashikiki. Yeye maisha yake yote hakucheza shindano hata moja juu ya majani. Aliomba likizo kabla sijachaguliwa, akaulizia tiketi, akanunua viatu vipya vya kutembelea uwanjani, akavivaa sebuleni ili vilainike. Nilimwambia, "Baba, bado." Akaniambia, "Inshallah si bado, inshallah ndiyo." Nilitaka kumpeleka Bahrain kuliko nilivyotaka kwenda mwenyewe.

Siku ya kwanza iliisha watatu wameshajitenga mbele. Nafasi ya nne ilibaki baina yangu na nahodha, na yeye alikuwa mbele yangu kwa mikwaju mitatu. Siku ya pili kocha akatuweka kundi moja, sisi wawili na yule wa Nizwa. Nahodha hakuwa mwenyewe asubuhi ile. Mpira wake mmoja ulikwenda baharini, wa pili ukapotea kwenye vichaka, na kila aliposogelea shimo mikono ilikuwa mizito. Nilimhurumia. Nilimwambia, "Dada, pumua." Akanitangulia. Tulipofika shimo la kumi na nne, kwa jumla ya siku mbili nilikuwa nimempita kwa mkwaju mmoja, na kila mmoja wetu alijua.

La kumi na nne ni fupi, na upepo wa bahari hulipiga kwa upande. Alipiga kwanza, ukatua vizuri sana. Nikafungua begi langu na mdomo ukanitoka wenyewe, kama ulivyotoka mara mia.

"Dada, namba ngapi?"

Aliniangalia. Alikuwa amenisikia, hilo sasa nalijua. Aliifuta fimbo yake kwa taulo, polepole, akaitia kwenye begi huku upande wenye namba umegeuziwa ndani nisiuone, akasonga pembeni. Mimi nikadhani upepo umechukua sauti. Nikachomoa sita kwa akili yangu, nikapiga, ukafika. Nilicheza mashimo manne yaliyobaki kwa raha ambayo sijaipata tena. Mwisho nilikuwa bado nimemzidi kwa mkwaju mmoja. Nilianza kufikiria viatu vya baba.

Kwenye meza, kabla ya kusaini kadi, kocha huuliza kila mara kama kuna jambo. Ni desturi tu, hakuna anayejibu. Nahodha aliweka kalamu chini.

"Lipo moja," akasema kwa Kiingereza.

Akaeleza. Shimo la kumi na nne, kabla sijapiga, nilimuuliza fimbo aliyotumia. Yeye hakujibu. Kocha akauliza nilisema maneno gani hasa, naye akayatoa kwa Kiswahili kama nilivyoyasema, kisha akayatafsiri moja moja. Hata "dada" aliitafsiri. Kusikia neno lile linageuzwa Kiingereza mbele ya meza, liwe ushahidi, nilihisi nimevuliwa nguo.

Kocha akanigeukia. "Ni kweli?"

Ningeweza kukataa. Yule wa Nizwa hakuelewa lolote, kocha hakuelewa lolote, lingekuwa neno langu na lake. Ningeweza pia kumwaga yote: mazoezi, mechi za kirafiki, namba nane usiibane. Nilimtazama nahodha nikimsubiri aseme yeye mwenyewe. Nilisema moyoni, sasa hivi ataongeza, atasema na mimi nimefanya, na mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuwa anatazama kadi. Nikayakumbuka mapande ya samaki ya bibi yake, nikaona siwezi kuifumua nyumba ya watu mbele ya mgeni.

"Ni kweli," nikasema.

Kocha akaniandikia mikwaju miwili. Nahodha hakuandikiwa, kwa kuwa safari hiyo hakunijibu. Nikawa nimezidiwa kwa mmoja. Halafu kocha, Mungu amsamehe, akatusifu sote wawili kwa uaminifu. Alisema huu ndio mchezo wenyewe.

Kwenye maegesho nahodha alinipita akiburuta begi lake. "Sheria ni sheria, mdogo wangu," akasema. Lau angesema jina langu ningestahimili. Hilo la mdogo wangu lilinipandisha hasira hata nikashindwa kufungua mlango wa gari.

Nyumbani nilisema nimeshindwa kwa mkwaju mmoja, basi. Sikumsema, kwa aibu, maana kumsema yeye ni kujisema mimi. "Mmoja tu?" baba akasema. "Mmoja si kushindwa. Mwakani." Akavirudisha viatu kwenye boksi lake, akaliweka juu ya kabati, akaniuliza kama nataka twende kiwanjani jioni. Nilimwambia nimechoka. Nililia bafuni, maji yanamwagika ili wasinisikie.

Siku moja kabla ya timu kuondoka, mama alianza kupika mkate wa kumimina. Nikauliza wa nani.

"Wa mwenzio, wa nani tena? Mtu akisafiri anaagwa."

"Nenda wewe, mama."

"Hata kama umemnunia kwa kuwa kakushinda, utakwenda. Usitutie aibu."

Alasiri tukaenda Azaiba, mimi nimeshika mkate mapajani kwenye sahani kubwa ya maua ya bluu, ya seti ambayo mama haitoi kwa kila mtu. Mama yake alitupokea kwa mabusu, akaupokea mkate, akaenda kuuhamishia kwenye vyombo vyake. Yeye nahodha alitoka chumbani, akanisalimia kwa mkono, akaketi mbali. Bibi yake aliniita nikakae ubavuni kwake kama siku zote.

"Masikini mwanangu," akasema, akaushika mkono wangu wa kulia. "Umekuwaje mkono?"

"Mkono upi, Bibi?"

"Huu ulioumia. Mwenzio katwambia, siku ya mashindano umeteguka, ukashindwa kumaliza. Nimekuombea kila sala." Akaagiza mafuta ya habasoda yaletwe, akayamimina kiganjani mwake, akaanza kunisugua kifundo cha mkono kwa vidole vyake vikavu. "Unauma hapa?"

Niliinua macho kumtazama aliyesema niliteguka. Safari hii alinitazama. Alikuwa ananiomba, bila kufungua mdomo. Kwenye meza ya kocha alisimama na sheria, kifua mbele. Hapa, mbele ya bibi yake, sheria ile ile hakuthubutu kuitaja. Basi alijua kwamba alichonifanyia ni khiana. Siku zote zile nilikuwa najishauri kwamba labda kweli alitubu, labda alitaka kucheza safi tangu siku ile, labda mimi ndiye mwizi ninayemchukia aliyeacha wizi. Mafuta ya bibi yaliniondolea mashaka yote.

"Unauma, Bibi," nikasema. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jambo lile lote, na niliusema kwa ajili yake.

Mama alikuwa ameketi upande wa pili na kikombe cha kahawa. Aliaga mapema, akasema ana wageni, na hatukuwa na wageni.

Kwenye gari alikawia kuwasha injini. "Mkono wako mzima," akasema.

"Mzima."

"Basi kwa nini huyu mtoto kasema hivyo?"

Nikamweleza, kuanzia namba nane mpaka mikwaju miwili. Sikujipunguzia. Nilimwambia kwamba nami niliuliza miezi yote ile na niliona raha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafika nami barabara kuu. Nilidhani atanigombeza kwa kuiba. Alichosema ni, "Na baba yako kavirudisha viatu kwenye boksi." Kisha akakata kona chini ya daraja, akageuza gari kurudi Azaiba.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Kuchukua sahani yangu."

Kwa mtu asiye wa kwetu hilo ni jambo dogo. Lakini sahani ya chakula ikishaingia nyumba ya watu haidaiwi. Inakaa huko wiki, mwezi, halafu inarudi na kitu ndani yake, hata kama ni ndimu tatu, nawe siku nyingine unaipeleka tena na chako. Sahani baina ya nyumba mbili haitakiwi kurudi tupu. Kuifuata mwenyewe, siku ile ile, bado haijakauka maji, sijapata kumwona mtu anafanya hivyo maishani mwangu.

Alisimamisha gari mbele ya geti lao. "Shuka wewe," akasema. "Nikishuka mimi ntasema maneno, na yule bibi hana kosa."

Aliyenifungulia ni nahodha. Nilimwambia nimekuja kuchukua sahani ya mama.

Rangi ilimbadilika. Amelelewa kama nilivyolelewa. "Si italetwa? Mama ataileta, inshallah, na kitu chake."

"Lete hivyo hivyo."

Akaingia ndani. Alirudi nayo imeoshwa, ndani yake ameweka bakuli la halua iliyofunikwa, ile waliyonunua ya safari. Alinyoosha mikono yote miwili. Akaanza kusema haraka haraka, kwa sauti ya chini, ili wa ndani wasisikie. "Mimi huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Miaka minne sijapata kusafiri na timu, kila mara mtu ananipita. Weye una miaka mitatu mbele yako. Mitatu!"

"Ungeniomba," nikasema. "Ungeniambia siku ile, niachie, ningekuachia. Dada yangu ulikuwa."

Akanisogezea sahani zaidi.

Nililitoa bakuli la halua kwenye sahani, nikamtia mkononi, nikamshikisha vizuri lisije likaanguka. Kutoka ndani bibi yake aliuliza ni nani aliye mlangoni. Nikarudi kwenye gari na sahani tupu.